Anayenunua Hewa ya Ukaa Analipa kwa Sababu Gani?

Julai 1989, London, nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Kahawa zilisimamisha mgao wa mauzo ambao, kwa vipindi tangu miaka ya 1960, ulikuwa umeishikilia bei ya kahawa duniani. Ndani ya miezi michache bei ilishuka kwa karibu nusu. Huko Burundi, hakuna mkulima wa Gitega wala wa Muyinga aliyekuwa amekosea chochote. Kahawa yao ilikuwa ileile, na ilioshwa na kuanikwa vilevile. Burundi ilitegemea zao hilo kwa sehemu kubwa mno ya fedha zake za kigeni, na pigo likatua kwenye hazina ya taifa.

Marekani, mnunuzi mkubwa kuliko wote, ilikuwa imekubali kulipa bei ya juu kwa sababu ilihofia kwamba wakulima wa Amerika ya Kusini wakifukarika wangevutwa na ukomunisti. Hofu ilipopoa, hamu ya kulipa ikapoa nayo. Mbuni ambao Warundi walilazimishwa na Wabelgiji kuupanda tangu miaka ya 1930 ulikuwa umeegemea hofu ya watu wa Washington, na aliyekuwa akipalilia mlimani hakuambiwa.

Nayaeleza haya kwa sababu soko jingine linabisha hodi. Nchi tajiri zinataka kunasa hewa ya ukaa inayotoka viwandani na kuizika chini ya ardhi. Mwezi Oktoba 2024 Uingereza ilitangaza kutenga hadi pauni bilioni 21.7 kwa miaka 25 kwa kazi hiyo. Agosti 2025 mradi wa Northern Lights wa Norwei ulianza kuisukuma hewa hiyo chini ya sakafu ya Bahari ya Kaskazini. Wauzaji wa mabomba, vali, kompresa na vyuma kutoka kila pembe ya dunia wanaitwa wachangamkie zabuni, na mwangwi wa wito huo unafika hadi kwetu Maziwa Makuu.

Teknolojia yenyewe si ndoto. Norwei inazika hewa ya ukaa katika eneo la Sleipner tangu 1996, kwa miaka mingi karibu tani milioni moja kila mwaka. Ilianza hivyo kwa kuwa mwaka 1991 serikali iliweka kodi kwa kila tani inayoachiwa hewani na mitambo ya baharini, na kampuni yenye mitambo hiyo ikaona kuzika ni nafuu kuliko kulipa. Hapo mlipaji akiacha kulipa anaumia yeye mwenyewe. Muuzaji wa vifaa akilijua hilo anaweza kulala usingizi.

Uingereza ilikwenda njia nyingine. Iliahidi pauni bilioni moja kwa washindi wa shindano, na miradi miwili ikabaki mbioni: Peterhead kule Scotland na White Rose kule Yorkshire. Wahandisi walichora, wauzaji wakakadiria bei, mabenki yakaitwa mezani. Tarehe 25 Novemba 2015 likatoka tangazo fupi kwamba fedha hizo hazipo tena. Serikali ilikuwa imeshatumia pauni milioni 100 kwenye shindano hilo, na miradi yote miwili ikafa. Ahadi ilikuwa zawadi ya Hazina, na Hazina ilipobanwa haikupoteza kitu kwa kuirudisha mfukoni. Waliopoteza ni wale waliokuwa wamejiandaa kuuza.

Kule Texas, mtambo wa Petra Nova ulianza mwaka 2017, ukinasa hewa ya ukaa ili itumike kusukuma mafuta yatoke kisimani. Bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 2020, mtambo ukafungwa. Ulifunguliwa tena 2023, lakini mfanyabiashara mdogo aliyekopa ili auhudumie hawezi kungoja miaka mitatu.

Afrika Mashariki tunalo kaburi letu. Kisarawe, karibu na Dar es Salaam, kampuni ya Kiingereza ya Sun Biofuels ilipewa hekta zaidi ya 8,000 zilizozungukwa na vijiji 11, ilime mbono kaburi (jatropha) kwa ajili ya mafuta ambayo Ulaya ilikuwa na njaa nayo wakati huo, kwa sera zake za kupunguza hewa chafu. Watu waliachia ardhi wakitarajia ajira, maji na zahanati. Mwaka 2011 kampuni ikafilisika, wafanyakazi wengi wakarudishwa nyumbani, na ardhi ikawa imeshatoka mikononi mwa wenyewe. Nakiona kisa hicho kuwa kibaya kuliko cha Peterhead, maana kule walipoteza fedha na wakati, na huku wanavijiji walipoteza mahali pa kulima.

Sasa turudi Burundi. Mchomeleaji wa Gitega hatauza bomba kwa Uingereza, na anayemwambia vingine anamdanganya. Hewa ya ukaa ikichanganyika na maji hugeuka tindikali inayokula chuma cha kawaida, kwa hiyo vyuma vya kazi hiyo vina viwango vikali na vyeti vya gharama. Nikeli inayoingia kwenye chuma kisichoshika kutu ipo Musongati, katika uliokuwa mkoa wa Rutana, ikijulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Imengoja umeme, bei nzuri na reli kwa nusu karne. Ujenzi wa reli ya Uvinza hadi Musongati ulizinduliwa Agosti 2025, na huenda kungoja huko kukaisha, ila hilo ni jambo la serikali na makampuni makubwa.

Kinachoweza kumfikia mkulima ni bayocha, yaani mabaki ya mazao yanayochomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo hadi yawe makaa, kisha yanafukiwa shambani ambako kaboni hukaa muda mrefu sana. Mnunuzi wa ng'ambo hachukui makaa. Ananunua cheti kinachosema kaboni imezikwa. Kwa Muyinga hii ni nafuu kubwa, kwa sababu mzigo hauhitaji lori la kuvuka mpaka wa Kobero na kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi bandari ya Dar es Salaam, tena huku Burundi ambako mafuta ya gari yamekuwa ya kusaka.

Tuseme wakala amefika kwenye ushirika wa Muyinga akisifia biashara hiyo na kushauri wakope wanunue tanuri. Kabla ya kusaini, mhasibu achukue kalamu. Kilo 100 za kahawa iliyooshwa na kukauka, ikiwa bado na ganda lake la ndani, zikikobolewa huacha maganda kilo 20 hivi. Maganda hayo hutoa bayocha kilo sita hivi. Tani moja ya bayocha inadai basi tani kama 17 za kahawa hiyo, nayo inashikilia kaboni inayolingana na tani mbili hivi za hewa ya ukaa, pengine zaidi kidogo. Toa gharama za maabara, za mkaguzi anayekuja kuhakiki, na fungu la wakala. Halafu uliza malipo yatakuja kwa fedha gani. Mwezi Mei 2023 faranga ya Burundi ilishushwa thamani, bei ya dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja kwa siku moja, na waliokuwa na madeni ya dola waliuona moto.

Kisha lije swali ambalo lingewafaa watu wa Kisarawe: huyu mnunuzi analipa kwa nini, na akiacha atapoteza nini? Kama analazimishwa na sheria ya kwao, ushirika uombe kuonyeshwa sheria hiyo na mwaka inapokoma. Kama ananunua kwa hiari ili asifiwe, ajulikane hivyo, na mkataba uwe na malipo ya awali yanayotosha bei ya tanuri, sio ahadi ya kulipa baada ya uhakiki.

Hata bila mnunuzi huyo, makaa yenyewe yanaweza kuwa na kazi: udongo wa milima mingi ya Burundi una tindikali, na bayocha huweza kuipunguza. Ushirika uanze kwa pipa la chuma la kuchomea, ufukie makaa kwenye vipande vichache vya maharage Muyinga na Gitega kwa misimu miwili, upime mavuno ukilinganisha na vipande visivyotiwa kitu. Mavuno yakipanda, makaa yana mnunuzi hapohapo kijijini hata wa ng'ambo asipotokea tena. Yasipopanda, maganda yarudi kutandazwa chini ya mibuni kama zamani, na mkopo usichukuliwe.