Mkanda Mweusi na Kilemba cha Ukoka

Cheo ni ushahidi. Mwalimu amfungapo mwanafunzi wake mkanda kiunoni, au chuo kikuu kimpapo kijana shahada, neno husemwa mbele ya watu wote ya kwamba: huyu tumempima, na tumemwona anaweza. Kwa hiyo katika kila cheo wamo watu watatu, si wawili kama ionekanavyo. Yuko atoaye, yuko apewaye, na yuko wa tatu ambaye hakualikwa siku ya sherehe. Huyu wa tatu ni mtu atakayekiamini cheo kile kesho, akaweka nafsi yake, au mtoto wake, au mali yake, chini ya ustadi unaosemekana upo. Swali la insha hii ni hili: mwalimu ana deni gani kwa mtu huyu asiyemjua? Nitalichungua swali hilo katika shule za karate zishikazo mapokeo ya kale, kwa sababu humo cheo huvaliwa mwilini kikaonekana na kila jicho, na kwa sababu ustadi unaoshuhudiwa ni wa kulinda uhai.

Karate ilikulia katika kisiwa cha Okinawa, na kwa muda mrefu haikuwa na mikanda wala madaraja. Mwalimu alikuwa na wanafunzi wachache, akawafundisha uani kwake. Gichin Funakoshi, ambaye katika mwaka wa 1922 aliionyesha karate mjini Tokyo, alieleza jinsi alivyofanyizwa kata moja ile ile usiku baada ya usiku katika ua wa mwalimu wake Azato, miezi ikapita, wala hakuruhusiwa kusonga mbele mpaka mwalimu aridhike. Kata ni mfuatano wa mapigo na makingo uliopangwa tangu zamani, ambao mwanafunzi huurudia kama mtoto wa chuoni arudiavyo sura yake. Mahali kama hapo cheo hakikuwa na kazi. Mwalimu alimjua mwanafunzi kama amjuavyo mwanawe, na majirani walimjua mwalimu.

Madaraja yalitoka katika judo. Jigoro Kano, aliyeanzisha shule ya Kodokan katika mwaka wa 1882, alikuwa mlezi wa vijana na mtu wa mambo ya elimu, na katika mwaka wa 1883 aliwapa wanafunzi wake wawili daraja la kwanza, liitwalo shodan. Funakoshi aliifuata desturi hiyo katika mwaka wa 1924. Mikanda ya rangi nyingi ilienea baadaye. Mikinosuke Kawaishi, aliyefundisha judo mjini Paris katika miaka ya 1930, hutajwa miongoni mwa walioieneza Ulaya. Lakini Chojun Miyagi, mwasisi wa mtindo wa Goju-ryu, alifariki katika mwaka wa 1953 bila kuwagawia wanafunzi wake madaraja hayo. Mtindo wake ulipofika Dar es Salaam katika miaka ya 1970, ukifundishwa na Mmarekani Mweusi Nantambu Camara Bomani, ulimwengu wa karate ulikuwa umekwisha zoea mikanda ambayo mwasisi hakuitoa.

Sisemi haya ili kumlaumu Kano. Wanafunzi wanapokuwa wengi, tena wakitoka mbali, mwalimu hawezi kuwajua wote kama wanawe, nao hawawezi kwenda miaka kumi bila kuona dalili ya kuwa wamesogea. Safari isiyo na vituo huvunja moyo wa msafiri. Mkanda wa njano ni kituo, na wa kijani ni kituo, na hapana dhambi katika kupumzisha watu njiani. Dhambi huanza pale kituo kinapoitwa mwisho wa safari.

Maneno haya ya safari na vituo yananipeleka Bukene. Bukene ni mji katika wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, kando ya reli iendayo Mwanza, ambayo ilikamilika katika mwaka wa 1928. Huenda msomaji akauliza karate na Bukene vina undugu gani. Undugu wao ni katika swali letu. Kabla ya reli kufika, Unyamwezi ilikuwa nchi ya wapagazi, na upagazi ulikuwa shule isiyo na kuta: ilikuwa na wanagenzi wake, mafundi wake na madaraja yake, na cheo chake kilipimwa kwa namna ambayo shule za leo zingefaa kuikumbuka.

Richard Burton, aliyepita katika njia ile kati ya mwaka wa 1857 na 1859, aliandika ya kuwa kwa Wanyamwezi kubeba mzigo kulihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume, na ya kuwa watoto wao walisemekana kuzoezwa kubeba vipande vya pembe tangu utotoni. Msafarani watu hawakuwa sawa. Wachukuzi wa pembe za ndovu walikuwa na heshima ya juu, na pembe zao zilifungwa kengele nchani. Baada yao walifuata wachukuzi wa nguo na wa mizigo mingine. Mbele ya wote alikwenda kirangozi, kichwani manyoya ya ndege na mgongoni ngozi ya mbega. Hapana aliyeruhusiwa kumtangulia. Mtu aliyemtangulia alichomolewa mshale katika podo lake, ili jioni, mwendo ukiisha, ajulikane kwa mshale wake na kutozwa faini.

Hebu tuutazame utaratibu huo kwa makini. Kengele ya mchukuzi wa pembe ilikuwa mkanda wake mweusi. Lakini kengele ile ilifungwa juu ya pembe yenyewe, wala haikuweza kulia pasipo mzigo. Mzigo wa kawaida ulifikia frasila mbili, yaani karibu kilo 32, nao ulijaribu shingo na mabega kila alfajiri upya. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtazamaji huuona mwepesi. Aliyejitwika ndiye ajuaye. Kwa hiyo mtu hakuweza kudumu katika cheo cha uchukuzi kwa kupendwa na mnyapara au kwa kuwa mwana wa fulani. Mzigo haukujua fulani ni nani. Wala simaanishi ya kuwa misafara ilikuwa pepo. Njaa, ndui na kuachwa porini vilikuwa sehemu ya shule ile, na mtihani wake uliwaua wengi ambao hawakuwa wavivu. Nasema tu ya kwamba haukuwa mtihani wa uongo.

Mfano wa pili umo katika nchi hiyo hiyo na katika Usukuma ya jirani. Huko kimekuwapo chama cha Buyeye, chama cha wacheza nyoka, ambacho Hans Cory alikiandikia makala katika mwaka wa 1946. Mwanagenzi wa Buyeye huingizwa kwa masharti, huchanjwa dawa, na hufundishwa mambo ambayo watu wa nje hawaambiwi. Fundi wake aweza kumsifu apendavyo, lakini mtahini wa mwisho ni nyoka, na nyoka hanunuliki.

Sasa turudi katika dojo, yaani nyumba ya mazoezi ya karate. Hapo mtahini ni binadamu, na mkanda hauna uzito. Mtu aweza kuuvaa miaka ishirini asipatikane na siku ya kuulizwa anachokijua, na siku hiyo ikifika yaweza kuwa usiku, njiani, pasipo mwalimu wala mashahidi. Kwa kuwa hapana mzigo wala nyoka wa kusema kweli, ukweli wote umewekwa katika kinywa cha mtu mmoja. Huu ndio msingi wa deni la mwalimu. Kadiri kazi inavyokosa mtahini wa asili, ndivyo inavyomdai mwalimu uaminifu zaidi.

Deni hilo huvunjwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutoa kabla ya wakati. Kiswahili kina jina lake tangu zamani: kumvika mtu kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani. Kilemba chake humeta asubuhi na kunyauka adhuhuri. Mwalimu aweza kukivisha kwa huruma, maana mwanafunzi amedumu sana na machozi yanamlengalenga. Aweza kukivisha kwa fahari, ili shule yake ihesabiwe kuwa na mikanda mingi. Aweza pia kukivisha kwa ajili ya fedha, maana kila mtihani una ada yake, na atakayeshindwa huenda asirudi. Kwa nia yoyote, tendo ni moja: mwalimu ametoa ushahidi wa uongo, na atakayeulipia si yeye. Atakayelipa ni kijana aliyesimama mbele ya mwenye kisu badala ya kukimbia, kwa kuwa kiunoni mwake paliandikwa ya kuwa anaweza.

Hapa naweza kupingwa kwa hoja yenye nguvu. Mwalimu naye hula, hulipa kodi ya nyumba na kusomesha watoto. Je, afe njaa ili mikanda iwe safi? Hasha. Lakini na tutenge vitu viwili vinavyochanganywa mara nyingi. Kufundisha ni kazi, na kazi ina ujira. Kushuhudia si kazi ya kuuzwa. Katika desturi za pwani mwanagenzi aliyehitimu alimpa fundi wake zawadi iliyoitwa kilemba. Zawadi ile ilifuata ustadi, haikuutangulia, wala haikuwa bei yake. Mwalimu apokeaye malipo ya kila mwezi kwa mafundisho, na kutahini bila kujali nani atapita, hana aibu hata akitajirika.

Njia ya pili ya kuvunja deni husahauliwa na wapendao kuyasifu ya kale. Nayo ni kunyima baada ya wakati. Katika nchi nyingi husimuliwa kisa cha paka aliyemfundisha mnyama mkubwa kuwinda akamficha kupanda mti, ili siku moja apate pa kukimbilia. Wengi hukicheka kisa hicho wakimsifu paka kwa busara. Lakini mwalimu afanyaye hivyo amekiri ya kuwa hakupata kumwamini mwanafunzi wake. Kama ndivyo, kwa nini alimpokea? Wako mafundi katika kila kazi waliowaweka vijana miaka mingi wakifagia, wakichota maji na kubeba vyombo, huku neno la mwisho likisogezwa mbele kila mwaka. Huo si ukali wa mapokeo. Ni wizi wa umri. Tena humwumiza yule mtu wa tatu vile vile, maana fundi akifa na siri yake, walimwengu wamenyang'anywa ustadi ambao ulikuwa haki yao. Chanda chema huvikwa pete. Mwenye kukiona chema akaificha pete amesema uongo kwa kunyamaza.

Basi mwalimu atajuaje ya kuwa wakati umefika, ikiwa hapana mzigo wa frasila mbili wa kumwambia? Nadhani kirangozi atusaidia. Watu walimfuata kwa sababu waliweka miguu yao pale alipoweka yake. Mwalimu na ajiulize faraghani, kabla ya kuufunga mkanda: je, ningekubali mtoto wangu mwenyewe amfuate huyu, mimi nisipokuwapo? Akijibu ndiyo, asimcheleweshe hata siku moja. Akijibu la, asimpe hata akilia. Swali hili humleta mtu wa tatu asiyejulikana katika chumba cha mtihani, humpa uso wa mtoto tumpendaye, na hapo huruma, fahari na ada hukosa nguvu.

Na mwanafunzi pia ana sehemu yake. Maana ya shodan ni daraja la kuanzia. Yasimuliwa ya kuwa zamani mkanda ulikuwa mweupe ukageuka mweusi kwa jasho na vumbi la miaka. Hiyo ni hadithi, si historia. Lakini yafaa kukumbukwa na yeyote anunuaye mkanda ambao tayari umetiwa rangi dukani. Apewaye cheo amekopeshwa imani ya watu, na mkopo hulipwa kwa mazoezi ya kesho.

Wasomi wenzangu wasidhani ya kuwa nimesema juu ya watu wa dojo tu. Shahada zetu nazo hazina uzito mkononi, na wagonjwa, wanafunzi na wenye kesi watakaoziamini hawapo siku tunapovaa majoho. Mpagazi aliyetoka Unyamwezi alipita Ugogo kabla ya kufika Bagamoyo. Kumpongeza akiwa Ugogo ni wema, maana amekwenda mbali na bado ana safari. Kumwambia ya kuwa ameiona bahari ni kumdhulumu, yeye na wote watakaomwuliza njia.