Jasho la bondia nalo lina mwenyewe

Ndugu zangu Waislamu, usiku wa Machi 13, 1999, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Lennox Lewis alimtawala Evander Holyfield dunia nzima ikishuhudia. Majaji wakatangaza sare! Mmoja alimpa Lewis, wa pili akawapa sawa sawa, wa tatu akampa Holyfield 115 kwa 113. Hata raundi ya tano, ambayo Lewis alimbana mwenzake kwenye kamba na kumtwanga, jaji huyo aliihesabu ya Holyfield.

Wapo watakaosema: ndondi ni haramu, waache wadhulumiane. Ni kweli Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso, na Baraza la Fiqhi la Makka liliiharamisha ndondi mwaka 1987. Siitetei. Lakini ni wapi tulipofundishwa kwamba aliyekosea njia ya riziki ni halali kudhulumiwa? Suratul Mutaffifin imewaonya wapunjaji, na anayepunja pointi hana tofauti na anayepunja sukari dukani.

Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria yenye jina la ndugu yetu Muhammad Ali. Promota analazimika kumweleza bondia anachoingiza kwenye pambano na anachomkata, na jaji ataje malipo yote aliyopokea. Sisi tumeamrishwa kuandikiana tangu Suratul Baqara.

Sheria hiyo inaishia hukohuko. Kijana wetu anayetiwa saini mkataba wa Kiingereza asioujua, ni nani katika sisi aliyewahi kukaa naye akamsomea?