Mwanga Wangu, Macho Yako

Globu ya halojeni kwenye pikipiki nyingi za bodaboda ni ya wati 35 tu. Katika barabara isiyo na taa, mwanga huo ni mdogo kweli. Anayetafuta LED kali hatafuti sifa. Anataka kuliona shimo, ng'ombe, mtoto anayevuka. Nani atamnyima haki hiyo?

Lakini kiakisi cha taa kiliundwa kwa uzi mwembamba uliokaa mahali pake hasa. Ukifunga LED isiyolingana nacho, mwanga hutawanyika, hupanda, humwingia machoni anayekuja mbele. Wewe unaona, yeye, kwa sekunde chache, haoni. Na anakuja upande wako.

Bei ya globu unailipa dukani. Bei ya mwanga analipa mtu usiyemjua, na kesho naye atanunua kali zaidi ili ajikinge. Tukiendelea hivyo, barabara itajaa mwanga na wasioona.

Basi kabla ya kuizoea, imulike ukutani jioni, taa ikiwa imeshushwa. Mwanga ukipanda juu ya kimo cha taa yenyewe, irudishe: macho unayoyaazima si yako.