Siri Zisizo Zangu

Usiku wa kuamkia safari, begi langu lilikuwa tayari mapema. Mama alikuwa ameshafunga viungo vya pilau kwenye makopo matatu, vitenge vimekunjwa, pasipoti iko juu ya meza. Kilichonikesha ni simu.

Nilikuwa narudi Marekani kuanza mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Kwenye grupu letu la wanafunzi wa Kitanzania, ushauri ulikuwa umezagaa wiki nzima: safisha simu kabla hujafika mpakani. Futa vichekesho vya siasa. Toka kwenye magrupu yenye makelele. Zima simu kabisa kabla ya kushuka kwenye ndege, na usiifunge kwa uso wala kidole, tumia nywila ndefu. Mimi nilikuwa nacheka. Nina nini cha kuficha? Nikaanza tu kupitia picha, moja baada ya nyingine, nikirudi nyuma, mpaka nikazikuta zile kumi na moja.

Si picha zangu. Ni za rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari. Zinaonyesha bega lake, shingo yake, mkono wake wa kushoto, baada ya kupigwa na mumewe, siku tatu tofauti. Alinitumia mwaka jana na chini yake akaandika: "Nitunzie, shosti. Simu yangu anaikagua kila usiku." Alitaka ziwepo siku atakayopata nguvu ya kwenda polisi. Nilimjibu kwa neno moja, "Zipo," kisha maisha yakaendelea na nikasahau kwamba nimebeba amana.

Usiku ule ndipo nilipoona kasoro ya ule msemo wetu, kwamba asiye na cha kuficha hana cha kuogopa. Msemo huo unadhani simu yangu inanihusu mimi tu.

Niwe mkweli, serikali ina sababu ya kukagua mipakani. Kuna watu wanaosafirisha dawa za kulevya, kuna wanaobeba picha chafu za watoto. Afisa akifungua begi langu na kunusa binzari ya mama, sioni kama nimeonewa. Begi lina vitu nilivyovipanga mwenyewe, kwa mikono yangu, nikijua litafunguliwa. Simu hatuipangi hivyo. Inajaa yenyewe, na sehemu kubwa ya kilichomo kimewekwa na watu wengine: mama anayesimulia vipimo vyake vya hospitali kwa ujumbe wa sauti, mdogo wangu anayelalamika kuhusu mapenzi, rafiki mwenye michubuko. Hakuna hata mmoja wao aliyepanga foleni ya uhamiaji.

Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe iliitambua tofauti hiyo mwaka 2014, katika kesi ya Riley dhidi ya California. Iliamua kwamba polisi akimkamata mtu hawezi kupekua simu yake kama anavyopekua mifuko ya suruali. Kwa kawaida lazima kwanza apate kibali cha hakimu. Lakini mpakani kanuni hiyo hulegea. Kwa mwongozo wa mwaka 2018 wa idara yao ya forodha na mipaka, afisa anaweza kupitia simu yako kwa mkono bila hata kukushuku. Sababu inahitajika anapotaka kuiunganisha na mashine ili anakili au kuchambua kilichomo. Mwongozo huo huo unamtaka aangalie kilichomo ndani ya simu tu, si kilichohifadhiwa mtandaoni. Raia wa Marekani akikataa kutoa nywila, simu yake inaweza kushikiliwa, ila yeye ataingia kwao. Mwenye viza kama mimi anaweza kurudishwa alikotoka.

Wanaokaguliwa ni wachache. Kwa mwaka wa fedha wa 2024 vifaa vilivyopekuliwa vilikuwa takriban 47,000, chini ya msafiri mmoja kati ya mia. Lakini mwaka 2019 mwanafunzi Mpalestina aliyekuwa anakwenda kuanza masomo Harvard alizuiwa uwanja wa ndege wa Boston, na alisema alihojiwa kuhusu mambo ya siasa yaliyoandikwa na marafiki zake mitandaoni, siyo yeye. Alirudishwa, na siku chache baadaye akaruhusiwa kuingia. Kisa hicho hunirudia kwa sababu kinaonyesha upande wa pili: kama simu yangu inaweza kuwaanika marafiki zangu, basi na wao wanaweza kuniponza mimi.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi ndiye kata. Na kata haina haki ya kumruhusu mgeni achungulie mtungini, hata kama mgeni amevaa sare. Afisa akiniomba nywila, naweza kuridhia kwa niaba yangu. Kwa niaba ya rafiki yangu siwezi, hakunipa ruhusa hiyo. Lakini pia siwezi kusimama kishujaa kwenye dirisha la uhamiaji na kukataa, wakati masomo yangu yote yananing'inia kwenye viza. Kwa hiyo wajibu wangu ulikuwa kabla ya mpaka, sebuleni kwetu, saa tano usiku.

Nilimpigia nikijua mumewe yuko zamu ya usiku. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Kwa hiyo na huko nako wanakagua?"

Sikuwa na jibu. Mume si serikali, najua. Lakini kwake yeye lilikuwa jambo lile lile: mtu mwenye nguvu kukuzidi ananyoosha mkono na kusema, lete hiyo simu.

"Weka kwenye flashi," akasema mwishowe. "Kaka yako ampelekee dada yangu. Halafu zako ufute."

Nilifuta. Kisha nikakumbuka kwamba simu nyingi huendelea kutunza picha zilizofutwa kwa siku 30, nikaingia huko nako nikazifuta tena. Nikafuta na jumbe za sauti za mama, baada ya kuzisikiliza zote.

Kule Washington, afisa aliniuliza nasoma nini, akanipiga picha, akanirudishia pasipoti. Hakuiangalia simu.

Kwenye basi ukaingia ujumbe wake: "Umefika? Walikagua?"

Nikaandika kwamba hawakukagua. Nikaufuta. Maana simu ile ilikuwa imekaguliwa, picha kwa picha, usiku kucha, na mkaguzi nilikuwa mimi, nikijitahidi kuona kwa macho ya mtu ambaye sijawahi kukutana naye. Nilimlinda rafiki yangu, na ningefanya hivyo tena. Ila ile sauti ya mama akicheka kuhusu sindano za hospitali, hiyo haikuwa na kosa lolote, na sinayo tena.