ESANSE NDANI YA GARI YA MAZUTU

Somo: 2 Wafalme 4:38-41, pamoja na Walawi 4



Mmesikia habari za kamioneti ya parokia. Mmesikia pia habari za mtoto. Wengine walizisikia sokoni kabla ya kuzisikia kanisani, na hiyo ni haya kwetu. Kwa hiyo sisi tunaoandika, shemasi wenu, tumeona heri tuieleze habari yote katika ukurasa huu, maana sehemu moja yake haijulikani na watu wote.

Siku ile kwaya ilikuwa na safari ya kwenda kwa ndugu zetu wa barabara ya Banalia. Shofere alikuwa anabadilisha gurudumu, saa zilikuwa zinakwenda, akina mama walikuwa wamekwisha kupanda na vyungu vyao. Sisi tukachukua bidoni ya lita 20, tukapanda pikipiki ya taksi, tukaenda kwa kadafi wa kona. Mnajua vijana hawa wanaouza mafuta katika chupa na bidoni kando ya barabara, waliopewa jina la yule kiongozi wa zamani wa Libya kwa sababu nchi yake ina mafuta mengi. Tulimwambia: «Jaza mafuta.» Basi. Hatukusema mafuta ya namna gani. Naye alituona juu ya pikipiki, na pikipiki inakunywa esanse, akajaza esanse. Hakutudanganya. Kosa halikuwa lake.

Hapa tuseme neno dogo kwa vijana. Jina moja linaweza kubeba vitu viwili. Sisi tukisema petroli ni ile ya taa, lakini madereva wanaokuja kutoka upande wa Uganda wakisema petroli wanataka esanse, na mazutu wanaiita dizeli. Mtu asione haya kuuliza mara mbili.

Tulimimina sisi wenyewe. Katika tangi mlikuwa na mazutu kidogo bado, ndiyo maana gari liliwaka na kuvuka daraja la Tshopo vizuri, watu wakiimba. Mbele zaidi, msitu pande zote mbili, motere ikaanza kugonga kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo. Ikatoa moshi, ikapoteza nguvu, ikazima. Jua lilikuwa linashuka.

Katika kwaya mna binti mmoja, yatima, umri wake miaka kumi na mmoja, anakaa kwa mama yake mkubwa. Asubuhi ile alilia, akasema hataki kwenda, hatutafika. Mtoto alikuwa na homa, tulijua baadaye. Lakini pale msituni neno lake lilikumbukwa. Mmoja akasema, wa pili akaitika, na mwonaji aliyekuwa pamoja nasi akafumba macho, akasema anaona mkono mdogo unafunga magurudumu kwa uzi mweusi. Watu wote wakamgeukia mtoto.

Sasa sikieni sehemu ambayo haijulikani. Esanse ikimwagika mkononi inakauka upesi, na ngozi inabaki kavu na baridi. Mazutu haikauki hivyo: inateleza, na harufu yake inakaa hata ukiosha kwa sabuni. Sisi tulikuwa tumemimina lita 20 na vidole vyetu vilikuwa vikavu. Pale msituni tuliinua mkono puani. Tulijua. Hatukujua kwa hakika kama fundi anavyojua, lakini tulijua kiasi cha kutosha ili tuseme: «Ngojeni, labda ni mafuta.» Hatukusema. Tuliona haya mbele ya akina mama, na tuliogopa gharama.

Mtoto alirudishwa mjini akawekwa katika chumba cha maombi siku tatu, bila chakula, ili afunguliwe. Siku tatu, wapendwa, mtoto mwenye homa. Mama yake mkubwa alikaa mlangoni akilia, hakuruhusiwa kuingia.

Siku ya tatu fundi wa Mangobo alifungua filta, akanusa, akacheka. Kisha hakucheka tena, kwa sababu alifungua na pompa. Alitueleza hivi. Motere ya esanse inawashwa na cheche ya buji. Ile ya mazutu, aliyoitengeneza Mjerumani Rudolf Diesel zaidi ya miaka mia moja iliyopita, haingoji cheche: inabana hewa kwa nguvu mpaka hewa yenyewe inakuwa moto mkali, na mazutu ikiingia inawaka. Tena mazutu ina utelezi, nayo ndiyo inailainisha pompa inayoisukuma. Esanse haina utelezi huo. Ikipita katika pompa, chuma kinasugua chuma, na unga wa chuma unakwenda mbele kuharibu vingine. Akasema: «Kama mngetambua kabla ya kugeuza ufunguo, tungemwaga tangi, tungesafisha na kubadili filta, mngekwenda zenu. Hasara imekuja kwa sababu mliendelea.» Akauliza: «Nani alinunua?»

Hapo tulisema. Tungependa kuandika kwamba Roho alitusukuma, lakini ukweli ni kwamba hapakuwa tena na mahali pa kujificha.

Fungueni Biblia zenu, 2 Wafalme 4. Kulikuwa na njaa Gilgali. Mtu mmoja wa wana wa manabii alitoka kutafuta mboga, akaona mtango wa porini, akajaza nguo yake, akakatakata ndani ya chungu, naye hakujua. Alitaka kulisha ndugu zake, kama sisi tulivyotaka kuharakisha kwaya. Watu walipoonja walipiga kelele kwamba chungu kina mauti, nao wakaacha kula. Angalieni sasa Elisha. Alikuwa nabii, macho yake yalikuwa wazi kuliko yetu. Je, aliuliza nani mlozi kati yao? Alimweka nani chumbani? Aliomba unga, akautupa chunguni, akaamuru watu wapewe chakula. Nabii wa kweli siku ile alitafuta namna ya kuponya chakula, na watu wakala.

Wengine watatuambia: shemasi, unakataa maono? Hatukatai. Kanisa letu lilizaliwa katika maono, na tukiyakataa hatuna tena kanisa. Lakini Paulo aliwaagiza Wakorinto kwamba manabii wakinena, wengine wapime (1 Wakorinto 14:29). Siku ile nani alipima? Aliyekuwa na kipimo mkononi mwake alinyamaza. Labda ndiyo sababu mwonaji aliona mkono, nasi tukauelekeza kwa mtoto. Hilo tunamwachia Mungu.

Tena tukumbuke tulipotoka. Makanisa mengi ya unabii hapa Kongo yanamheshimu Papa Simon Kimbangu, aliyeanza kuponya wagonjwa Nkamba mwezi wa Aprili 1921. Walimsimamisha mbele ya baraza la askari kule Thysville, na tarehe 3 Oktoba 1921 wakamhukumu kufa, bila kumpa mtu wa kumtetea. Mfalme Albert aligeuza hukumu iwe kifungo cha maisha, naye akakaa gerezani miaka 30, mpaka akafa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Waliomfuata walihamishwa kwa nguvu mbali na kwao, wengine hata huku kwetu upande wa Lowa. Sisi tunaosimulia habari hiyo kwa machozi kila mwaka, tulimhukumu mtoto chini ya mti, katika nusu saa, naye hakuwa na mtetezi.

Sheria ya nchi nayo inasema. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa anayefanya hivyo kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na faini. Baadhi ya wazee wametuomba tusiandike jambo hili, tusije tukaaibishwa mbele ya serikali. Tunawaheshimu wazee wetu, lakini katika Walawi 4 kosa lililofanywa bila kujua, likiisha kujulikana, lazima mtu alete sadaka yake mlangoni, mbele za Bwana. Kununua esanse kulikuwa kosa la kutojua, na kwa hilo tunaamini tumesamehewa. Lakini zile siku tatu tulikuwa tunajua.

Pompa ya kamioneti tunailipa sisi, kidogo kidogo kila mwezi, na mhasibu anaandika. Bidoni mbili za parokia zimepakwa rangi, nyekundu ni ya esanse, ya kijani ni ya mazutu, na shofere peke yake ndiye atakayemimina.

Mtoto amepona homa. Anakuja ibadani, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, lakini haimbi, na mtu akinyosha mkono amwekee kichwani, anakimbia nje. Tulikwenda kwa mama yake mkubwa mara mbili. Mara ya kwanza hakufungua. Mara ya pili alifungua, akatupa kiti, akasikiliza, wala hakujibu neno. Jumapili ijayo, kabla ya mahubiri, tutapiga magoti mbele yake na mbele ya mtoto, wote wakione. Tumemwomba mwonaji apige magoti pamoja nasi. Mpaka siku ya kuandika haya bado hajatuletea jibu.