Matembezi ya Bure na Wenye Mali

Jirani yangu hapa London mashariki, mtu wa Ng'ambo, Unguja, ana msimamo mmoja: British Museum haingii. Likizo ya katikati ya muhula ikifika huwapeleka wanawe Victoria Park, wacheze mpira, wale sambusa zao, warudi nyumbani kabla ya Magharibi. "Dada, mle ndani mna mali za watu," huniambia. "Aliyeziiba hakuzitolea jasho, ndiyo maana hatozi."

Mimi wa Mombasa, Mji wa Kale, nalea wazee majumbani kwao, na mshahara wa kazi hiyo kila mtu anaujua. Milango isiyotoza ndiyo iliyowafundisha wanangu mji huu. Hawajatimiza miaka 11, kwa hiyo basi hawalipi, na treni za chini ya ardhi hawalipi wakiwa na mtu mzima. Nafunga katlesi na chapati, chai naitia chupani, tunashika njia. Tangu Desemba 2001 makumbusho makubwa ya taifa hayana kiingilio, isipokuwa kwa maonyesho maalumu. Kanisa kuu la St Paul's linamtoza mtalii, labda awe amekuja kusali. Mafirauni wa British Museum hawamtozi mtu. Nimeizoea hali hiyo, lakini bado hunichekesha.

Swali la jirani yangu hata hivyo si la kuchekwa. Ni swali la dini: raha iliyojengwa kwa mali isiyo safi, anayestarehe nayo ana dhambi?

Na mali yenyewe si safi, hata kabla hujafika kwenye vitu vilivyotekwa vitani. British Museum ilianza na mkusanyiko wa daktari mmoja, Hans Sloane, aliyefariki mwaka 1753. Alikuwa na vitu zaidi ya 71,000. Sehemu ya utajiri uliovikusanya ilitoka Jamaika, kwenye mashamba ya miwa ya mkewe, yaliyolimwa na watumwa. Tena hakuvitoa sadaka: wosia wake ulitaka mabinti zake walipwe pauni 20,000. Bunge, kwa kukosa fedha, likachezesha bahati nasibu, nayo ikaingiwa na ulanguzi wa tiketi hadi ikawa kashfa. Kwa hiyo mlango uliofunguliwa mwaka 1759, bila kiingilio, ulisimamishwa juu ya sukari ya watumwa na kamari.

Nilipomsimulia jirani yangu haya alitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Basi nikamwongezea: hiyo Victoria Park anayoipenda nayo ilikarabatiwa kwa sehemu na fedha za bahati nasibu ya taifa. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema mpira ni mpira.

Mimi si mwanachuoni. Lakini darsani nilipokua tulisomeshwa habari za Imamu Ghazali, ambaye katika kazi yake Ihya ana kitabu kizima cha halali na haramu, na humo anamfikiria mtu aliyetubu akiwa bado ana mali ya haramu mkononi. Afanye nini nayo? Mwenyewe akijulikana, arudishiwe. Akiwa amekufa, warithi wake. Asipojulikana kabisa, mali isichomwe wala isitupwe baharini: itolewe sadaka. Na wako wanazuoni wengi wanaoongeza hapo manufaa ya umma, yale ambayo kila mpita njia anayapata.

Mafundisho hayo ni ya aliyeshika mali, hayakukusudiwa mama anayesukuma kigari cha mtoto. Lakini yananisaidia. Waliokata miwa ya Jamaika hatuna majina yao yote, na ile pesa haiwezi tena kuchambuliwa sarafu kwa sarafu. Kama imegeuka kuwa sakafu ambayo mtoto wa mfanya usafi anaikanyaga sawasawa na mtoto wa mwenye benki, sioni mahali bora zaidi pa kuipeleka, mradi isemwe ilikotoka. Mwaka 2020 sanamu ya Sloane iliondolewa ilipokuwa ikawekwa kabatini pamoja na maelezo ya utumwa. Ni hatua ndogo, lakini imekwenda upande unaofaa. Kwa hiyo naingia, nastarehe, na namshukuru Mungu.

Pale ambapo mwenye mali anajulikana, jirani yangu ana haki, nami sina jibu la kumpa.

Wapokomo wa Mto Tana wanajulikana. Wana ngoma yao takatifu, Ngadji, iliyokuwa alama ya enzi yao na sauti ya wazee wao. Maofisa wa kikoloni wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia British Museum. Iko ghalani. Haionyeshwi. Mtoto wangu hawezi kuiona bure wala kwa kulipa, na mzee wa Tana hawezi kuipiga. Sheria ya mwaka 1963 inaibana makumbusho hiyo isitoe vitu vyake ila kwa sababu chache. Naielewa sheria, ila haijibu alichouliza Ghazali. Hapa raha ya umma haiwezi kuwa kisingizio, kwa sababu hakuna anayeipata.

Ndiyo maana siku hizi napenda zaidi kuvuka Mto Thames kwenda Forest Hill, ingawa ni mbali na watoto hulalamika njiani. Huko kuna Horniman, iliyofunguliwa mwaka 1901 na mfanyabiashara wa chai, yenye bustani juu ya kilima ambapo unauona mji wote umelala chini. Kiingilio hakuna, nyumba ya vipepeo ndiyo ya kulipia, na mimi hupita pembeni nikijidai sijawasikia watoto. Novemba 2022 Horniman iliikabidhi Nijeria umiliki wa vitu 72 vilivyoporwa katika ufalme wa Benin mwaka 1897. Vichache viliondoka hapohapo. Vingine vilibaki London kwa mkopo, kwa kukubaliana na wenyewe.

Nilimweleza jirani yangu tofauti hiyo: kitu kilekile, ukuta uleule, lakini mwenyewe ameulizwa akaridhia. Akafikiri. Akaniuliza basi la kwenda huko ni lipi, na kama kuna mahali pa kuchezea mpira.