Uchumba Usio na Shahidi

Mwanaume akimwomba mwanamke namba ya simu kwenye kituo cha mwendokasi, kisha akamwalika wakutane Jumamosi, ameshaanza kudaiwa. Swali ni anadaiwa nini. Wapo watakaosema adabu, wapo watakaosema nauli na chakula, na wapo watakaosema hadaiwi chochote kwa kuwa wote wawili ni watu wazima na hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Jibu ninalolitetea ni lingine: anadaiwa kuchunguzika. Kabla mwanamke hajaombwa mapenzi, ana haki ya kuweza kujua anayemwomba ni nani, ameoa au hajaoa, anatafuta nini, na nani mwingine anaweza kuyathibitisha hayo. Mahali ambapo watu walifahamiana kwa koo zao, haki hiyo ilitimizwa na jamaa na majirani bila yeye kuidai. Dar es Salaam haitimizwi na yeyote, isipokuwa mwalikaji mwenyewe aamue kuitimiza. Kwa sababu hiyo kupanga mtoko, jambo linaloonekana la anasa tu, ni suala la maadili, na kwa mwenye imani ni suala la dini.

Utaratibu wa posa uliifanya kazi hii kimyakimya. Mshenga alipopeleka barua, upande wa binti uliomba siku za kutafakari, na ndani ya siku hizo mashangazi na wajomba walikuwa wakiulizia. Kijana ni wa ukoo gani? Ana mke huko alikotoka? Akinywa huwa anapiga watu? Anadaiwa? Majibu yalipatikana kwa watu waliomwona akikua, ambao yeye hakuwachagua. Sisemi kwamba utaratibu ule ulikuwa wa haki kwa kila namna. Mara nyingi uliulizia sana habari za mwanaume na ukasahau kumuuliza msichana kama anataka. Sheria ya Ndoa ya 1971 yenyewe iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Siwatakii mabinti wa leo warudi huko. Ninachodai ni kwamba ndani ya utaratibu ule mlikuwa na kitu kimoja cha thamani ambacho jiji limekiondoa, na hatujaweka kingine mahali pake.

Dini zilizotulea zimelishughulikia jambo hili kwa undani kuliko tunavyokumbuka. Katika Surat al-Baqara, aya ya 235, wanaume wanaowataka wanawake walio katika eda ya kufiwa wanaruhusiwa kudokeza nia yao au kuiweka moyoni, ila wanakatazwa kuagana nao kwa siri. Hapo hamu ya mtu haikukemewa. Kilichokatazwa ni ahadi ya mafichoni. Kanisa Katoliki nalo lilifika karibu na hapo kwa njia ya machungu. Mtaguso wa Trento ulipotunga kanuni ya ndoa mwaka 1563, ulieleza sababu yake waziwazi: walikuwapo wanaume waliooa kwa siri, wakamtelekeza yule mke, kisha wakaoa mwingine hadharani, na kanisa likashindwa kumsaidia wa kwanza kwa kuwa hakukuwa na wa kumshuhudia. Tangu hapo ndoa ikatakiwa kutangazwa mara tatu kabla ya kufungwa, tena mbele ya padri na mashahidi. Waumini wengi huyasikia matangazo yale kama desturi ya kupita tu wakati wa misa. Asili yake ni kilio cha wanawake walioachwa bila ushahidi.

Lakini mfano unaonifundisha zaidi ni wa Boazi, katika Kitabu cha Ruthu. Ruthu ni mjane na ni mgeni ugenini, hana baba wala kaka wa kumsemea. Anakwenda usiku kwenye uwanja wa kupuria nafaka na kulala miguuni pa mwanaume mwenye mali kuliko yeye. Boazi angeweza kuutumia usiku ule atakavyo. Badala yake, usiku uleule anamweleza kikwazo kilichopo: yuko ndugu wa karibu zaidi mwenye haki ya kumkomboa kabla yake, na huyo akikubali, yeye Boazi atakaa pembeni. Asubuhi anakwenda kuketi langoni mwa mji, anaita wazee kumi na kulimaliza shauri mbele yao. Msomaji makini atapinga hapa: si Boazi huyohuyo aliyeagiza isijulikane kwamba mwanamke alifika uwanjani? Ndiye. Na agizo hilo ndilo linalotusaidia kuona vizuri, kwa sababu alilificha jambo ambalo lingemchafulia Ruthu jina na hakumficha Ruthu jambo lolote linalomhusu. Kukaa wawili mbali na macho ya watu hakukuwa kosa lenyewe. Kosa lingekuwa kumwacha mwenzake gizani.

Sasa rudi Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Ile ya 2002 ilikuwa imehesabu kama milioni mbili na nusu. Kwa miaka ishirini tu idadi imezidi maradufu, na sehemu kubwa ya walioongezeka wametoka mikoani, wamepanga chumba kwa watu wasiowajua, na wanafanya kazi na watu wanaowafahamu kwa jina moja. Sheria bado inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa kwa msajili siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Utaratibu huo unategemea kwamba mwenye pingamizi atazipata habari. Mke aliyeachwa Sengerema na watoto hapiti kusoma matangazo ya ofisi za Dar es Salaam, na majirani wa Tabata hawajui kwamba yupo. Mwanaume anaweza kuwa kapera upande mmoja wa mji na baba wa familia upande mwingine, bila kuhitaji ujanja wowote zaidi ya kunyamaza.

Hapo ndipo mpango wa mtoko unapobeba uzito. Chukua mwanamke anayeishi Mbagala, anayeambiwa wakutane Mbezi Beach saa mbili usiku. Anapanda gari mbili kwenda. Akifika saa mbili na nusu, chakula kikaja saa tatu na nusu, mazungumzo yakinoga inafika saa tano, na saa tano daladala zimepungua, bodaboda hadi Mbagala ni ghali na ni hatari. Ndipo anasikia kwamba geto liko karibu tu, alale, ataondoka asubuhi. Kila hatua aliridhia mwenyewe, na bado mwisho wake ulikuwa umepangwa tangu ulipotajwa saa na mahali. Linganisha na mwaliko wa saa tisa alasiri, mahali penye watu, kama Mlimani City au Coco Beach penye mihogo na familia zimejaa, karibu na njia ya gari lake la kurudi, na mwalikaji akataja jina lake kamili na kazi yake, akasema rafiki yake fulani anaweza kupita kusalimia. Mpango huu wa pili una gharama ndogo kuliko wa kwanza. Unampa mwanamke muda wa kuangalia, mlango wa kuondokea, na watu wa kuulizia.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wanaoupenda mji kwa uhuru wake. Watasema: mji unawafaa wanawake hasa kwa sababu hauna macho ya mtaa. Aliyeachika, aliyezalia nyumbani, aliyekimbia ndoa ya kipigo, wote wanaweza kuanza upya mahali ambapo hakuna wa kuwasengenya. Mwanasosholojia Georg Simmel, akiandika mwaka 1903 kuhusu maisha ya jiji kubwa, aliliona jambo hilohilo: ule ubaridi wa watu wa mjini wasiojuana na majirani ndio unaompa mtu uhuru asioupata katika mji mdogo. Nalikubali hilo kwa dhati. Ila uhuru wa kuanza upya ni wa kumlinda mtu dhidi ya wasiohusika. Majirani hawahusiki. Anayeombwa akupe miaka yake anahusika, na anahusika kwa kiasi maalumu. Hana haki ya orodha ya wapenzi waliopita wala ya kila jeraha la utotoni. Ana haki ya yale ambayo yakibadilika uamuzi wake nao ungebadilika: ndoa iliyopo, watoto wanaolelewa, ugonjwa unaoweza kumfikia, na nia. Mwanafalsafa Kant alishikilia mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia matakwa ya mwingine, na akautolea mfano wa ahadi ya uongo, kwa kuwa anayedanganywa hawezi kuwa ameridhia lengo la anayemdanganya. Kwa hoja hiyo, anayesema "alikubali mwenyewe" baada ya kuficha pete anataja ridhaa ambayo haikuwahi kuwapo.

Kutoka upande wa pili watasimama wanaosema mtoko wenyewe ni haramu, na mwenye nia njema aende kwa wazazi moja kwa moja. Anayeishika njia hiyo kwa ukweli namheshimu. Ila katika Uislamu marufuku ya faragha inahusu mwanaume na mwanamke asiye maharimu yake kujitenga mahali peke yao, na Mtume alimshauri Mughira bin Shu'ba amtazame kwanza mwanamke aliyemposa. Rebeka wa Biblia naye, mshenga alipofika na zawadi na jamaa wakakubali, aliitwa na kuulizwa kwa kinywa chake kama atakwenda na mtu yule. Zaidi ya hayo, wazazi walioko Kigoma au Pemba hawamfahamu kijana wa Kinondoni hata chembe, na mshenga wa mjini mara nyingi ni mfanyakazi mwenzake anayerudia alichoambiwa. Posa isiyo na uchunguzi ni siri iliyovaa kanzu. Wazazi waende kuombwa, lakini binti awe ameshapata nafasi ya kuyapima maneno ya kijana na ya mshenga wake.

Yapo malalamiko ya wanaume kwamba nao wanadanganywa: wametuma nauli, tena na ya kutolea, na aliyealikwa akazima simu. Kuila nauli ya mtu ni wizi mdogo, na deni la ukweli linawabana wote wawili. Ila hasara hazilingani. Anayeliwa nauli anajua jioni ileile. Anayeahidiwa ndoa na mwenye mke anaweza kugundua baada ya mtoto kuzaliwa. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 69, inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia, lakini fidia hiyo haizidi hasara halisi iliyotokana na gharama alizoingia kwa sababu ya ahadi. Mahakama itahesabu sare, ukumbi na nauli za wazee. Muda uliopotea na wachumba waliokataliwa kwa ajili ya ahadi ile haitavihesabu, na kwa kuwa hakuna chombo cha nje kinachoweza kuvirudisha, wajibu wote unabaki kwa anayeijua nia yake kabla ya mwenzake. Anayejua tangu mwezi wa kwanza kwamba hataoa anapaswa kusema mwezi huohuo, wakati anayemsikiliza bado anaweza kuondoka bila kuwa amekataa mtu mwingine kwa ajili yake.